Damu ya Mzee Kwenye Ncha za Mkorosho

Mvua zikiisha na kipupwe kikaingia, mikorosho ya Mikindani na Naliendele huwa na rangi mbili: kijani kibichi kwenye majani yaliyokomaa, na damu ya mzee kwenye machipukizi. Miembe nayo huchipua hivyo hivyo. Anayedhani mti umeugua anakosea, kwani rangi hiyo ni kinga. Jani changa lina ngozi laini na umbijani mchache, hivyo haliwezi kuutumia mwanga wote linaoupokea, na ziada hulidhuru. Antosayanini, rangi ileile inayoipa juisi ya choya wekundu wake, hunyonya sehemu ya mwanga huo. Jani linajitengenezea kivuli chake lenyewe, na likikomaa hukiacha likawa kijani.

Mkulima ana haki ya kuuliza: mbona mahindi yakiwa zambarau bwana shamba husema udongo umepungukiwa fosforasi? Ni kweli, lakini tazama dalili inaanzia wapi. Kwenye mahindi huanzia majani ya chini, yaliyozeeka. Kwenye mkorosho rangi iko nchani, nayo hufifia siku zikipita. Mwingine atautaja mti wa Ulaya uitwao Fagus sylvatica, ambao una aina yenye majani ya zambarau hata yakishakomaa. Johann Jacob Wagner aliandika habari za miti hiyo huko Uswisi mwaka 1680, na wenyeji walisimulia kuwa rangi hiyo ni damu ya ndugu waliouana. Kumbe ni badiliko la kurithi lililozuka lenyewe, watu wakalipenda, wakaliendeleza kwa kubebesha miche; ukipanda mbegu zake, baadhi ya miche hutoka kijani. Pale rangi imedumishwa na mkono wa binadamu. Hapa kwetu ni hatua ya ukuaji tu.

Pingamizi zito zaidi linatoka shambani kwenyewe: mbu wa mikorosho hufyonza machipukizi hayo hayo, na ubwiriunga hushambulia sehemu changa. Sikatai. Kinga ya jua haizuii mdomo wa mdudu wala kuvu. Basi mkulima, tafuta unga mweupe na vidonda vyeusi, wekundu uuache. Usizikate ncha hizo kwa sababu ya rangi yake, maana maua ya korosho hutoka kwenye ncha za machipukizi mapya.