Maji ndani ya matairi ya trakta: chumvi ni ya nini?

Pale Lac Vert, kwenye barabara ya Goma kwenda Sake, tulikuta trakta ya koperative moja imeinuliwa juu ya magogo, gurudumu moja la nyuma limetolewa. Chuma cha gurudumu, ile janti, kilikuwa kimeliwa na kutu mpaka kidole kinapita. Tukauliza: mlitia nini ndani? Dereva akajibu, "Ni maji na chumvi, kitabu iko inasema vile."

Kitabu hakikudanganya, ila kiliandikiwa nchi za baridi kali. Kule maji huganda ndani ya tairi, ndiyo maana wanachanganya chumvi ya kalsiamu. Huku kwetu kandokando ya Kivu, mita 1,460 hivi juu ya bahari, nani ameamka akakuta bidoni yake imekuwa barafu? Maji matupu yanatosha. Ya mvua ndiyo mazuri. Ya Ziwa Kivu yana madini mengi, tuyaache.

Kazi ya maji ni uzito tu. Trakta nyepesi ikivuta jembe, magurudumu yanazunguka bure, mazutu inaisha na shamba bado. Tairi la nyuma la 16.9-30 linapokea lita 300 hivi, yaani bidoni 15 za lita 20. Kwa matairi mawili mmeongeza kilo 600 bila kununua chuma.

Inueni gurudumu kwa kriki, wekeni magogo imara chini ya ekseli (kriki peke yake musiiamini hata siku moja), kisha zungusheni mpaka valvu iwe juu kabisa. Toeni upepo na kile kiini cha valvu, ingizeni maji kwa mpira kutoka pipa lililo juu, mukisimama mara kwa mara ili upepo utoke. Maji yakifika kwenye valvu, basi: ni robo tatu. Robo inayobaki ni ya upepo. Pompeni polepole, juu nafasi ni ndogo na presha inapanda haraka.

Shambani muangalie alama za meno ya tairi. Zikiwa safi kabisa, uzito umezidi, na udongo unashindiliwa. Zikifutika zote, bado nyepesi. Zikivurugika kidogo, ni sawa. Na trakta ikiinua pua kwenye mlima, dawa ni uzito wa mbele; maji ya nyuma hayasaidii hapo.

Ile koperative sasa inatafuta janti nyingine. Chumvi iliyobaki kwenye mfuko, wamama wameigawana.