Ambulensi ikitoka, nani atabaki zamu?

Jirani ameanguka usiku mtaani Amalemba, Kakamega. Unapiga simu kuomba ambulensi, unaambiwa ungoje kidogo. Wengi hukasirika. Lakini anayepokea simu ana kazi mbili: kukuhudumia wewe, na kuhakikisha kwamba mitaa mingine haibaki bila gari.

Ikiwa magari ni mawili na yote yamekwenda kubeba walioteguka miguu, mama anayevuja damu baada ya kujifungua atachukuliwa na nini? Ndiyo sababu kituo kizuri hupanga simu kwa uzito wa hali, si kwa aliyetangulia kupiga. Gari moja likitoka, lililobaki husogezwa mahali pa katikati. Mafuta na oksijeni hukaguliwa kila zamu, na laini ya pili huwekwa tayari. Wakenya wanajua hasara ya simu kukatika: nambari 999 ilinyamaza tangu 1998 hadi ilipofufuliwa 2013.

Wewe nawe una sehemu yako. Nambari 999 na 112 ni za polisi. 1199 ni ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Taja alama inayojulikana, kama shule au kanisa. Eleza kama mgonjwa anapumua au anavuja damu. Usikate simu kabla ya kuambiwa. Jeraha linalotoka damu likandamize kwa kitambaa safi. Asiyepumua akandamizwe kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwani ubongo huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi.

Na simu ya mzaha? Humnyang'anya mgonjwa gari, pengine mwanao.