Mama, Kaa Vizuri Juu ya Pikipiki Wakati wa Kushuka Mulima

Kwetu Kivu, mama wengi wanakuja kiliniki na pikipiki. Katika kushuka mulima, dereva akikamata freni, uzito wote unakimbilia mbele. Ukimulalia mgongoni, unamusukuma, na mutaanguka wote.

Fanya hivi:

1. Panda mguu huku na mguu huku, usikae upande.
2. Rudisha mwili nyuma kidogo. Shika chuma cha nyuma, bana magoti, kanyaga vizuri.
3. Kunja kitenge, kisiingie katika gurudumu.
4. Mutoto asiwekwe mbele ya dereva, wala katikati yenu: mukianguka atagandamizwa.
5. Mwambie dereva ashuke polepole na vitesi ndogo; injini nayo inazuia mbio.

Mulima ukiwa mkali sana, ao njia ina utelezi, shuka utembee. Si haya.

Mama mwenye mimba akianguka, aende kwa munganga siku ileile, hata kama hasikii maumivu. Kondo linalolisha mutoto linaweza kubanduka ndani. Ukiona damu, ao tumbo limekuwa gumu, ao mutoto hachezi, usingoje hata kidogo.

Kuchelewa kiliniki si kitu. Kufika muzima ndiyo kubwa.