Kwa nini hadithi yako huvurugika ukiipandisha mtandaoni?

Umeandika hadithi kwa wiki tatu, umeisoma na kuisahihisha, kila aya iko mahali pake. Unainakili, unaibandika kwenye tovuti ya hadithi na kubonyeza kitufe cha kuchapisha. Ukiifungua unakuta aya zimeungana, mazungumzo hayana mpaka, na palipokuwa na neno ng'ombe pameandikwa ngâ€™ombe.

Msomaji hajui kwamba kosa ni la mashine. Kwake, mwandishi ndiye hajui kuandika, naye anahamia kwenye hadithi ya mwingine. Katika makala haya tunaeleza tatizo hilo linatoka wapi na namna ya kulimaliza.

Mzigo usioonekana

Programu ya kuandikia kama Microsoft Word haihifadhi maneno peke yake. Pamoja nayo huweka maagizo: aina ya mwandiko, ukubwa wake, rangi, nafasi kati ya mistari. Unaponakili, maagizo hayo husafiri na maneno. Tovuti nayo ina kanuni zake, hivyo mengine huyapokea na mengine huyatupa. Ndiyo maana aya moja hutokea kwa mwandiko mnene na inayofuata kwa mwandiko mwembamba.

Kurasa za mtandaoni zimejengwa kwa lugha ya HTML, na lugha hiyo ina tabia yake. Ukiacha nafasi kumi mfululizo, kwa kawaida itaonyesha moja tu. Mwandishi aliyezoea kusogeza mwanzo wa aya kwa kubonyeza nafasi mara tano atakuta kazi hiyo imepotea. Njia salama ni kutenganisha aya kwa mstari mtupu.

Ritifaa, alama ndogo yenye kazi kubwa

Kwa Kiswahili, ritifaa ni sehemu ya neno. Kung'oa ni kutoa kitu pamoja na mzizi wake. Ngoa, bila ritifaa, ni tamaa au wivu. Alama ikidondoka, maana inabadilika.

Ritifaa ziko za aina mbili. Iliyonyooka imo kwenye orodha ya herufi za kompyuta ya ASCII, iliyotolewa mwaka 1963, na karibu kila mfumo unaifahamu. Iliyopinda ndiyo ambayo Word na baadhi ya simu huiweka zenyewe ili maandishi yapendeze. Katika mfumo wa UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992, hiyo iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu. Tovuti ikizisoma baiti hizo kwa mfumo wa zamani wa Windows, kila moja hugeuka herufi yake: â, € na ™. Alama za kufungua na kufunga usemi hupatwa na mkasa huohuo.

Tiba ni kuzima, katika mipangilio ya Word au ya simu, sehemu inayopindisha alama hizo. Kama hadithi imeshaharibika, tumia sehemu ya kutafuta na kubadilisha: tafuta â€™ na uweke ritifaa iliyonyooka popote ilipo.

Shairi na maandishi ya WhatsApp

Katika shairi la tarbia, mishororo minne ikiungana kuwa sentensi moja ndefu, vina havionekani tena. Kwenye tovuti nyingi, kitufe cha Enter huanzisha aya mpya na kuacha pengo. Ukibonyeza Shift pamoja na Enter, mstari hushuka ndani ya aya ileile. Tumia Shift na Enter kati ya mishororo, na Enter peke yake kati ya beti.

Wengi wetu pia tunaandika hadithi kwa vipande ndani ya WhatsApp. Huko nyota mbili huzungushwa kwenye neno ili liwe na wino mzito, na vistari vya chini ili lilale. Ukinakili, alama hizo huja nazo. Ukinakili ujumbe kadhaa kwa pamoja, huja pia tarehe, saa na jina la mtumaji. Vyote hivyo vifute kabla ya kubandika.

Hatua za kufuata

1. Hifadhi nakala ya asili mahali pengine. Usiandike moja kwa moja kwenye tovuti. Mtandao ukikatika, kazi inaweza kupotea.

2. Bandika maneno matupu. Kwenye vivinjari vingi vya kompyuta, Ctrl, Shift na V kwa pamoja hubandika bila maagizo ya nyuma. Vinginevyo, pitisha maandishi kwanza kwenye Notepad, kisha yanakili kutoka huko.

3. Hakikisha kuna mstari mtupu kati ya aya na aya, na kati ya msemaji mmoja na mwingine.

4. Weka wino mzito na maandishi ya mlazo upya, kwa vitufe vya tovuti yenyewe.

5. Itazame kama rasimu, kwenye kompyuta na kwenye simu. Tafuta maneno yenye ng' na mahali mazungumzo yanapoanzia.

Hatua hizi tano huchukua dakika chache kwa sura moja. Zikifuatwa kila mara, msomaji atakutana na hadithi uliyoiandika, na akiisifu au kuikosoa, atakuwa anazungumzia kazi yako mwenyewe.