Wenyeji wa Jani la Mwaridi

Ukisimama mbele ya mwaridi asubuhi, waona maua mazuri na majani yanayong'aa kwa umande. Jani laonekana tupu, lakini sivyo. Mahali padogo kama ukucha wa kidole chako, pengine pana vijidudu milioni moja au zaidi, ambao huonekana kwa hadubini tu. Wako bakteria, wako wa jamii ya hamira, na wako ukungu wa namna nyingi. Wengi wao hawalidhuru jani. Hula sukari kidogo itokayo ndani yake. Na kwa kuwa wamekwisha shika mahali na chakula, mgeni mbaya hapati nafasi kwa urahisi. Tena wako bakteria watoao sumu inayozuia ukungu kukua.

Lakini yuko adui mmoja, ukungu uletao madoa meusi, ambao wataalamu huuita Diplocarpon rosae. Mbegu zake hurushwa na matone ya mvua kutoka jani hata jani. Jani likikaa na maji muda wa saa 7 hivi, mbegu huota, hutoboa ngozi ya jani, na kuingia. Baada ya siku kadhaa hutokea doa jeusi. Kisha jani hugeuka manjano na kuanguka.

Je, wale wenyeji hupatwa na nini? Penye doa jani hufa, na chakula kilichokuwa ndani huvuja nje. Vijidudu wapendao vitu vinavyokufa hupata karamu, wakazaana upesi. Na wale waliozoea riziki chache huweza kusongwa wakapungua. Ni kama mji ulioingiliwa na adui: nyumba zikibomoka, wakazi hawabaki kama walivyokuwa.

Basi, mtunza bustani afanyeje? Akimwaga dawa kali ovyo, aweza kuwaua walinzi pamoja na adui. Kwanza na aokote majani yaliyoanguka ayachome, maana ukungu hukaa humo ukingoja mvua. Amwagie maji shinani, wala si juu ya majani, tena asubuhi, ili yakauke mapema. Apande miwaridi mbalimbali, upepo upate kupita. Dawa ikihitajika, aitumie kwa kipimo.

Ukiona doa la kwanza, usiseme, "Ni jani moja tu." Lichume mara moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.