Bomba la Moshi Livishwe Nguo?

Ndugu msomaji, vijiji vingi vina mashine ya kusaga inayoendeshwa na injini ya dizeli. Vingine vina trekta, pikapu au lori. Injini hizi zote zina bomba la kutolea moshi. Mafundi huliita ekzosi. Bomba hili huwa moto sana, hasa pale linapoanzia, karibu na injini.

Siku hizi kuna mkanda wa kuzuia joto. Huzungushwa kwenye bomba la moshi, kama bendeji inavyofungwa mguuni. Wenye magari ya mashindano wanaupenda sana. Je, na sisi tuufunge kwenye injini zetu? Hebu tupime kwanza. Tuweke faida upande mmoja, na hatari upande wa pili.

JOTO LINATOKA WAPI?

Injini huchoma mafuta ndani ya silinda. Sehemu ya joto hugeuka kuwa nguvu ya kuzungusha mashine. Joto jingine huchukuliwa na maji ya rejeta au upepo. Joto lililobaki hutoka na moshi. Injini ya dizeli ikifanya kazi nzito, moshi wake unaweza kufika digrii 500 za sentigredi au zaidi. Kumbuka kwamba maji huchemka kwa digrii 100 tu!

Mkanda wenyewe umefumwa kwa nyuzi za kioo, au nyuzi za mawe ya volkano. Nyuzi hizo haziwaki moto. Kazi yake ni kama ya blanketi. Blanketi halitengenezi joto. Linazuia joto lililomo lisitoke.

FAIDA ZAKE

Kwanza, nje ya bomba joto hupungua. Mtu akiligusa kwa bahati mbaya, hataungua vibaya kama angegusa chuma kitupu. Lakini mkanda nao huwa moto. Usiushike.

Pili, mkanda hulinda vitu vilivyo jirani: nyaya za umeme, mipira ya mafuta na betri. Chumba cha mashine nacho hupungua joto.

Tatu, moshi ukibaki moto hutoka kwa kasi zaidi. Ndiyo maana wauzaji husema nguvu ya injini itaongezeka. Kwa gari la mashindano, nguvu kidogo ina maana, maana hata sekunde moja huhesabiwa. Kwa mashine ya kusaga, hutaona tofauti. Debe la mahindi litasagwa kwa muda uleule. Basi usinunue mkanda kwa kutafuta nguvu.

HATARI ZAKE

Joto lililozuiwa halikupotea. Limebaki kwenye chuma.

1. Bomba huchakaa. Chuma cha kawaida kikipata joto kali mno hutoa magamba, kikawa chembamba. Kile kipande kizito cha chuma kilichofungwa kwenye injini yenyewe kinaweza kupasuka.

2. Kutu. Weka jembe ndani ya gunia bichi kwa wiki mbili, halafu litazame. Mkanda ukilowa mvua, hukaa na maji juu ya bomba namna hiyo hiyo.

3. Moto. Mkanda wenyewe hauwaki, lakini hunywa mafuta. Dizeli au oili ikidondokea hapo, mkanda unakuwa kama utambi wa kibatari. Injini ikipata moto, mafuta yale yanaweza kuwaka. Chumba cha mashine kikiwa cha makuti au nyasi, hasara yake unaijua.

4. Ufa hufichika. Bomba likitoboka chini ya mkanda, hulioni. Moshi huvuja polepole ndani ya chumba. Ndani ya moshi kuna hewa ya sumu, kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Inaweza kuua watu ndani ya chumba kilichofungwa. Tena, mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kwamba moshi wa dizeli huleta saratani.

5. Vumbi la nyuzi. Nyuzi za kioo huwasha ngozi, macho na koo. Vaa glovu, mikono mirefu, na kitambaa puani. Na ukiona kamba au kitambaa cha zamani cha asbesto kwenye injini kuukuu, usikikate wala usikipangushe. Asbesto huleta saratani ya mapafu. Ugonjwa huo unaweza kujitokeza miaka 20 au 40 baadaye.

SIKILIZA MAZUNGUMZO HAYA

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, kijana wangu. Mashine inasemaje?"

"Inasaga. Ila kina mama wanapanga foleni na watoto mgongoni, na bomba liko pale pale. Nataka nilifunge mkanda watoto wasiungue."

"Umefikiri vema. Lakini bomba lako linavuja pale kwenye maungio. Ona lile doa jeusi. Ukilifunga, utakuwa umefunika kidonda kabla ya kukiosha."

"Sasa nifanye nini, fundi?"

"Badili gasketi kwanza. Halafu weka kinga ya chuma, na foleni ihamie nje."

TUFANYE NINI?

Fundi huyo amesema kweli. Ziba kwanza mahali panapovuja. Peleka moshi nje, mbali na dirisha na mbali na paa la nyasi. Kisha weka kinga ya bati nene au wavu wa chuma kuzunguka bomba. Kinga isiguse bomba. Hewa ipite katikati. Kinga ya namna hii huzuia mikono ya watoto, nayo hailoweshi wala haifichi kitu.

Ukiona bado unahitaji mkanda, fuata haya:

- Soma kitabu cha injini, au muulize fundi kama inaruhusiwa.
- Funga bomba zima, kavu, lisilovuja. Usifunge kile kipande kizito cha kwenye injini, isipokuwa kitabu kinaruhusu.
- Kaza kwa klipu za chuma. Kamba ya katani au plastiki itaungua.
- Siku ya kwanza utaona moshi kidogo ukitoka kwenye mkanda. Fungua milango yote.
- Kagua mara kwa mara. Mkanda ukilowa mafuta, zima injini, acha ipoe, kisha utoe mkanda huo na kuutupa.

MTU AKIUNGUA

Mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake mafuta, dawa ya meno wala majivu. Funika kwa kitambaa safi, kisha mpeleke zahanati.

Ndugu msomaji, mkanda ni chombo kizuri mahali pake. Lakini bomba bovu haliponi kwa kuvishwa nguo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini bomba lililofungwa mkanda huchakaa upesi?
2. Kwenye mashine ya kijiji chenu, watoto wanapita umbali gani kutoka bomba la moshi?
3. Moshi wake unatokea wapi?