Winchi ya Kuvutia Lori Lililokwama

Fungueni madaftari, leo tuna hesabu kidogo.

Mvua za vuli huja wakati karafuu zinachumwa, na udongo wa vilima vya Pemba ukilowa huteleza kama mlenda. Lori likizama topeni, winchi dhaifu hushindwa, au waya wake hukatika. Waya uliokatika hurudi kwa kasi iwezayo kuua mtu.

Basi tupime vipi? Chukua uzito wa lori pamoja na mzigo wake wote, uzidishe kwa moja na nusu. Uzito ukiwa tani 4, tafuta winchi ivutayo tani 6. Wengi hupima lori tupu wakasahau magunia.

Tena, nguvu iliyoandikwa kwenye winchi ni ya tabaka la kwanza la waya, lile lililalo juu ya pipa lenyewe. Waya ukipandana juu ya waya, pipa hunenepa na nguvu hupungua. Kwa hiyo ufungueni waya mrefu, ila mizunguko michache ibaki, usije ukachomoka.

Na winchi isipotosha? Mabaharia wa Wete na Mkoani wanajua dawa yake: kapi. Lifunge kwenye mti mkubwa, pitisha waya, rudisha ncha kwenye lori. Nguvu hukaribia kuwa maradufu, lakini lori litakwenda nusu ya mwendo. Mti uzungushiwe mkanda mpana usichunike gome. Mkarafuu ni mali ya mtu. Watoto wakae mbali kabisa.

Sasa hesabuni: lori tani 3, mzigo tani 2. Winchi ya tani ngapi?

Jibu: tani 7 na nusu.